Mwisho Uliofuta Mwanzo: Somo la Msuko Kutokana na Picha ya Sinema



Kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweza kusema msuko ni nini. Atasema ni mpangilio wa matukio katika hadithi, jinsi tukio moja linavyozaa jingine tangu mwanzo hata mwisho. Ukimwuliza msuko mbaya ni upi, hapo hunyamaza, kwa kuwa vitabu tunavyosomeshwa vimechaguliwa kwa uzuri wake, na kilichoharibika hakiletwi darasani. Basi nimeona yafaa tuchukue hadithi moja iliyoharibika mwishoni, tena hadithi kubwa ijulikanayo dunia nzima, tuipasue kama tumpasuavyo chura katika chumba cha biolojia, tuone ni kiungo gani kilichougua.

Hadithi yenyewe ni ya picha za sinema ziitwazo Star Wars, maana yake Vita vya Nyota. Ni hadithi ya kubuni yenye sura ya sayansi: watu husafiri kwa vyombo vya anga baina ya sayari na sayari, huzungumza na mashine zenye akili, na mashujaa wao hupigana kwa panga za nuru. Picha ya kwanza ilitoka mwaka 1977, kazi ya Bwana George Lucas wa Marekani. Zikafuata mbili, mwaka 1980 na mwaka 1983, zikawa utatu mmoja. Utatu wa pili ulitoka 1999, 2002 na 2005. Mwaka 2012 kampuni ya Disney iliinunua kampuni ya Bwana Lucas kwa dola zipatazo bilioni 4, ikatengeneza utatu wa tatu: The Force Awakens ya mwaka 2015, The Last Jedi ya mwaka 2017, na The Rise of Skywalker ya Desemba 2019. Hii ya mwisho ndiyo ninayokusudia kuisema.

Huenda mzazi mmoja asomaye ukurasa huu akauliza, hayo yatuhusu nini sisi wa Ibighi, wenye chai yetu na ndizi zetu na mvua isiyokoma? Yatuhusu, kwanza kwa sababu watu wa Afrika ya Mashariki wamo ndani yake. Katika picha ya mwaka 1983 yupo rubani mmoja jina lake Nien Nunb, kiumbe mwenye macho meusi makubwa na mashavu yaning'iniayo. Watazamaji wa Ulaya na Marekani waliosikia maneno yake walidhani ni lugha iliyobuniwa tu. Watazamaji wa Kenya waliangua kicheko, maana kiumbe yule wa sayari ya mbali alikuwa akisema Kikuyu! Sauti ilikuwa ya Bwana Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa mwanafunzi huko Marekani, naye aliitwa tena kumsemea rubani wake katika picha ya mwaka 2015. Kikuyu ni lugha ya Kibantu, ndugu ya Kinyakyusa na ya Kiswahili, kwa hiyo twaweza kusema kwamba jamaa yetu mmoja alikwisha kurusha vyombo vya anga.

Wa pili ni Bibi Lupita Nyong'o. Alizaliwa Mexico mwaka huo huo wa 1983, akalelewa Kenya, na mwaka 2014 akapewa tuzo ya Oscar. Katika utatu wa tatu ndiye Maz Kanata, bibi kizee mfupi, mwenye miwani mikubwa, aliyeishi miaka zaidi ya 1,000. Uso wake mwenyewe hauonekani, kwa kuwa umbo la Maz ni la kubuniwa, illa sauti ni yake. Naomba msomaji amkumbuke bibi kizee huyo, kwa maana nitamrudia.

Sababu nyingine ya kuisoma picha hii ni kwamba kosa lake ni kosa letu sisi wenyewe, tulifanyalo katika insha kila juma. Hilo nitalisema baadaye.

Kwa ajili ya wale ambao hawajaiona, hadithi ni hii kwa ufupi. Msichana Rey aishi peke yake katika sayari ya jangwa, akiokota vyuma chakavu na kuviuza apate chakula. Kila siku awangojea wazazi waliomwacha angali mdogo. Yupo Finn, askari aliyechukuliwa utotoni na jeshi la waovu, asiyejua hata jina alilopewa na mamaye, akatoroka siku alipoamriwa kuua wanakijiji. Na yupo Kylo Ren, kijana wa ukoo bora aliyeasi nyumba yake na kumwua baba yake mzazi. Swali kubwa linalomvuta mtazamaji ni moja: Rey ni mtoto wa nani?

Picha ya kwanza iliongozwa na Bwana J. J. Abrams, naye hakulijibu swali. Picha ya pili iliongozwa na mtu mwingine, Bwana Rian Johnson, naye alijibu kwa namna ambayo wengi hawakuitazamia. Kylo Ren amwambia Rey kwamba wazazi wake si kitu, walikuwa watu hohehahe waliomwuza ili wapate fedha ya ulevi. Watazamaji waligawanyika. Wengine walikasirika, wakisema wamengoja miaka miwili kupewa jibu la dharau. Mimi nimo katika wale walioona ni jibu zuri kuliko yote. Katika hadithi iliyozoea kuhesabu nasaba, mara twaambiwa kwamba mtoto asiye na ukoo wa kutajwa aweza kubeba upanga kama mtoto wa mfalme. Mwanafunzi aliyekuja bweni na sanduku la mbao ataelewa ninachosema.

Picha ya tatu ilipangwa kuongozwa na mtu wa tatu, Bwana Colin Trevorrow. Septemba 2017 aliachana na kazi hiyo, na Bwana Abrams akarudishwa. Tena Bibi Carrie Fisher, aliyekuwa Leia tangu mwaka 1977, alifariki Desemba 2016, ikabidi sehemu yake iungwe kwa vipande vya picha vilivyosalia katika kazi za nyuma. Haya nayataja ili tusiwahukumu watengenezaji bila huruma. Walakini hadithi ikishatoka mikononi mwa mtunzi haiwezi kusimama mlangoni ikawaeleza watazamaji shida zilizompata mwenyewe. Yatupasa kuipima kama ilivyo.

Nayo ilivyo ni hivi. Maneno ya kwanza kabisa yatangaza kwamba Kaizari Palpatine yu hai. Huyu Palpatine ni yule mwovu mkuu ambaye mwaka 1983 alitupwa shimoni na mtumishi wake mwenyewe, na ngome yote aliyokuwamo ikalipuka. Amefufukaje? Mhusika mmoja asema tu kwamba kwa namna fulani amerudi, mwingine akisia kwamba ni sayansi ya giza na utengenezaji wa nakala za watu. Basi, habari imekwisha, twende mbele. Tangazo la kurudi kwake, lile ambalo wahusika wote wamekwisha kulisikia tunapoanza kutazama, halimo katika picha hata kidogo. Lilisikizwa siku chache kabla katika mchezo wa kompyuta uitwao Fortnite. Na maelezo zaidi ya kufufuka yaliwekwa katika kitabu kilichotoka mwaka 2020. Yaani mtu amekata tiketi ya kuona mwisho wa hadithi, kisha aambiwa mwanzo wa mwisho huo uko katika duka jingine!

Katika darasa la fasihi twafundishwa neno taharuki, ile hamu ya kutaka kujua litakalofuata. Wengi wetu hudhani taharuki hutiwa kwa matukio makubwa: kifo, vita, moto. Picha hii yatufundisha kinyume. Matukio makubwa yamejaa humo, lakini moyo haudundi. Kisa chake nitakieleza kwa mfano wa Chewbacca, yule mwenye manyoya, rafiki wa tangu mwaka 1977. Rey, akiwa amepandwa na hasira, atoa umeme mikononi bila kukusudia, na chombo tunachoamini Chewbacca amefungwa ndani yake chalipuka angani. Ni tukio zito sana: shujaa amemwua rafiki kwa mkono wake. Lakini hazipiti dakika nyingi twaonyeshwa Chewbacca mzima, alikuwa katika chombo kingine. Kisha mashine C-3PO akubali kumbukumbu zake zote zifutwe ili awaokoe wenzake, akiwaaga kwa maneno ya kugusa moyo. Kumbukumbu zarudishwa vilevile. Baada ya kudanganywa mara mbili mtazamaji hupata akili. Kila atakayekufa, yeye hukaa kimya na kungoja ainuke.

Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Kifo kinachofutwa hakifuti kifo kimoja tu, chafuta hofu ya vifo vyote vijavyo, na pia chafuta ushindi wa nyuma. Kama Palpatine aliweza kurudi bila sababu, basi ule ushindi wa mwaka 1983, ambao baba zetu na babu zetu katika nchi nyingi waliushangilia, haukuwa ushindi. Mwisho huu umekula mwanzo wake.

Na Rey je? Picha ya tatu yatuambia kwamba yeye ni mjukuu wa Palpatine. Wazazi wake walijifanya watu duni ili wamfiche. Jibu lililotolewa mwaka 2017 likafutwa kama ubao unavyofutwa na mwanafunzi wa zamu. Mwaka 2020 Bibi Daisy Ridley, aliyeigiza Rey, alieleza hadharani kwamba habari ya wazazi ilikuwa ikibadilika huku na huku, na kwamba hata walipokuwa wakipiga picha ya mwisho jibu lilikuwa halijatulia. Fikirini mwigizaji asiyejua yeye ni nani huku mitambo ikizunguka.

Kufikia hapa rafiki zangu wa kidato cha nne husema: "Basi kosa lao ni kutopanga. Mwandishi apange mwisho kabla hajaanza." Hiyo ni kauli nzuri, na walimu huipenda, lakini haitoshi, nami nina ushahidi. Katika utatu wa kwanza, ule uliopendwa, Bwana Lucas naye hakuwa amepanga kila kitu. Katika mswada wa awali wa picha ya mwaka 1980 baba yake Luke na yule mwovu Darth Vader walikuwa watu wawili mbalimbali. Wazo la kwamba Vader ndiye baba mzazi lilikuja baadaye katika kuandika. Hata hivyo lilipokuja liliitii hadithi. Mwaka 1977 tulikuwa tumeambiwa kwamba baba yake Luke alikuwa rubani hodari, rafiki wa mzee Obi-Wan, na kwamba Vader alikuwa mwanafunzi wa mzee huyo huyo. Jambo jipya lilipoingia, yale ya zamani hayakufutwa, yalipata maana ya ndani zaidi. Mzee hakuwa amesema uongo mtupu, alikuwa ameficha jambo zito. Ukirudi kutazama picha ya mwaka 1977 unaiona ni bora kuliko ulivyoiona kwanza.

Tofauti basi ni hiyo. Mtunzi aweza kubadili nia katikati ya safari, lakini hawezi kuchukua alichokwisha kuwapa watu. Jambo jipya likiongeza uzito wa la zamani, msuko wakua; likilifuta, msuko wakatika, hata kama matukio yapo mia. Kwa kipimo hicho jibu la mwaka 2017 nalo laweza kulaumiwa mahali fulani, maana liliacha maswali kadha ya picha ya kwanza yakining'inia. Sikatai. Lakini kosa la wa kati halimpi wa mwisho ruhusa ya kufuta.

Sasa turudi kwa bibi kizee wetu, Maz Kanata. Upanga wa nuru wa Luke ulipotea katika picha ya mwaka 1980, pale mkono wake ulipokatwa, vikaanguka vyote viwili shimoni katika mji ulioelea mawinguni. Mwaka 2015 upanga huo waonekana ndani ya sanduku, chini ya nyumba ya Maz. Ameupataje? Mzee Han Solo amwuliza, naye ajibu kwamba swali hilo ni zuri, lakini litajibiwa wakati mwingine.

Wakati mwingine haukufika. Picha ya pili ilipita, Maz akaonekana kidogo tu kwa mtambo wa mawasiliano. Picha ya tatu ikaja, Maz yupo kambini tangu mwanzo hata mwisho, amesimama, amekaa, na hakuna amwulizaye. Na ajabu ni hii: mwishoni kabisa yeye ndiye ampaye Chewbacca nishani. Mwaka 1977 Luke na Han walivishwa nishani katika sherehe na Chewbacca akaachwa, na watazamaji walilalamikia jambo hilo kwa miaka 42. Deni hilo la zamani, ambalo halikuwa hata ahadi, lililipwa kwa mkono wa Maz. Deni la Maz mwenyewe, aliloliahidi kwa kinywa chake mbele ya dunia nzima, halikulipwa. Mtu angeweza kudhani watengenezaji waliogopa malalamiko ya watu kuliko walivyoiheshimu hadithi yao.

Finn naye ana deni kama hilo. Akiwa anazama katika mchanga pamoja na rafiki zake, na kila mmoja adhani atakufa, apiga kelele kwamba kuna jambo hakumwambia Rey. Waokoka. Jambo hilo haliambiwi hata picha inakwisha. Bwana Abrams alieleza nje ya picha kwamba Finn alitaka kusema anaihisi ile Nguvu waliyo nayo mashujaa. Jambo kubwa namna hiyo kwa askari asiye na jina, nalo likaachwa nje ya mlango!

Haki yataka niseme pia yaliyo mazuri. Bwana Adam Driver, aliyeigiza Kylo Ren, afanya kazi ya ajabu, hasa pale anapozungumza na kumbukumbu ya baba aliyemwua. Palikuwa kimya kabisa mahali nilipoitazama. Muziki wa Bwana John Williams, aliyezitungia nyimbo picha zote 9 kuanzia 1977 hata 2019, hauna doa. Wala picha haikukosa wateja: ilikusanya zaidi ya dola bilioni 1. Lakini ile ya mwaka 2015 ilikusanya zaidi ya bilioni 2, na hiyo ya 2017 kiasi cha bilioni 1.3. Watu walikuwa wakipungua kila mara, na katika wahakiki walioisema picha ya mwisho ni karibu nusu tu walioisifu, hali zile mbili za kwanza zilisifiwa na zaidi ya 9 katika kila 10.

Katika vibanda vya video vya nchi zetu wamekuwapo wasimulizi wanaozisemea picha za kigeni kwa lugha za watu: Lufufu aliyevuma Dar es Salaam, DJ Afro wa Kenya, VJ Jingo wa Uganda. Hao hawatafsiri maneno peke yake. Huongeza maelezo, hutaja sababu, hutia mzaha, na pale hadithi ya mgeni ilipo na tundu wao huziba kwa ulimi. Ningependa sana kumsikia mmoja wao akiziba tundu la Palpatine. Nadhani angeomba maji kwanza.

Sasa kuhusu insha zetu. Juma lililopita nilisaidia kupanga hadithi zilizoletwa kwa ajili ya gazeti hili na wadogo zetu wa kidato cha pili. Zilikuwa 23. Nyingine zilianza vizuri mno: mtu amepotea katika ukungu wa Mlima Rungwe, mtoto ameangukia mtoni chini ya Daraja la Mungu, chui ameingia bwenini. Katika 23 hizo, 9 zilimalizika kwa maneno ya namna moja, kwamba ghafla mwandishi akazinduka usingizini, kumbe ilikuwa ndoto. Basi ukungu haukuwapo, wala mto, wala chui. Msomaji aliyekwisha kuogopa kwa kurasa mbili anyang'anywa hofu yake. Ndugu zangu, huyo ni Palpatine mdogo. Afadhali chui akamatwe na mlinzi, au atoke kwa dirisha alilolisahau wazi mtu wa zamu tuliyemtaja mwanzoni, kuliko asiwepo kabisa.

Nimebakiza mtu mmoja. Katika vita vya mwisho Palpatine arusha umeme mbinguni, vyombo vya mashujaa vyapigwa, na kimoja chaanguka na Nien Nunb ndani yake. Yule rubani wa Kikuyu, aliyeruka salama tangu mwaka 1983, afa kwa sekunde chache, na hadithi haitui kumtazama. Mfu alifufuliwa bila maelezo, na aliye hai akazikwa bila tanzia.

Kwa hiyo zoezi letu la muhula huu, lililo wazi kwa vidato vyote, ni hili. Andika kipande kimoja kisichozidi maneno 200. Maz Kanata amekaa kambini usiku wa baada ya vita, na mtu amwuliza tena ule upanga aliupata wapi. Mpe jibu lake. Jibu litokane na yale tu yaliyokwisha kuonyeshwa, asifufuliwe mtu, na asiwepo mtu azindukaye usingizini. Vipande vipelekwe kwa mwalimu wa Kiswahili kabla ya kufunga shule. Vitakavyofaa vitachapwa katika toleo lijalo.